Burkitt, Taya la Mtoto na Protini Inayouzwa kwa Mikrogramu

Wengi wetu tunaosoma ualimu wa sayansi tumekutana na jina la Burkitt mara moja tu. Lipo kwenye desa, mstari mmoja: limfoma ya Burkitt, watoto wa Afrika, uvimbe wa taya. Unakariri, unaandika kwenye UE, basi, maisha yanaendelea. Nimeona niandike habari za mwenye jina hilo kwa sababu mbili zinazotuhusu sisi wanachuo. Kwanza, alifanya sayansi kubwa akiwa karibu hana vifaa, na sisi wimbo wetu wa kila siku ni kwamba vifaa hakuna. Pili, kazi yake ndiyo iliyofungua njia ambayo seli za watoto wa Afrika zilisafiri kwenda Ulaya, zikaja kusaidia kutengeneza protini za binadamu ambazo leo maabara zinazinunua kwa vichupa. Hiyo ya pili kwenye desa haimo.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, lakini muda wake wa ziada aliutumia kuchunguza ndege. Aliwavalisha vipete miguuni, akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki kipande gani cha bustani. Shikeni hapo kwenye ramani, maana mtoto alikuja kufanya yaleyale kwa ugonjwa.

Akiwa na umri wa miaka 11 Denis alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto akapoteza jicho moja. Alipoingia chuo cha Trinity, Dublin, alianza na uhandisi kama baba yake, kisha akahamia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa za daktari bingwa wa upasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho. Vita vilipopamba moto jeshi likamchukua mwaka 1941, na ndipo alipoijua Afrika Mashariki, kwa kuwa alitumikia Kenya na Somalia. Si kwamba ukoo wake ulikuwa mgeni huku. Baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa daktari maarufu wa Nairobi. Alimwoa muuguzi aitwaye Olive mwaka 1943. Alikuwa Mkristo wa kusali kwelikweli, na aliamini kwamba Afrika ndiko alikoitwa. Mwaka 1946 alipangiwa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango. Hapo alianza kazi ambayo kwetu watu wa Ujiji na pwani haihitaji tafsiri: mabusha. Wanaume walikuwa wengi, foleni haiishi. Daktari mwingine angepasua tu na kumwita anayefuata. Burkitt akaanza kuuliza kila mgonjwa ametoka wapi, na akagundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya ugonjwa ulikuwa mwingi sana, na upande wa magharibi haba. Akachora ramani. Baadaye ilieleweka kwamba mabusha hayo yaliendana na minyoo ya matende inayosambazwa na mbu. Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, Hospitali ya Mulago.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Ni sura ambayo haikuwa na maelezo. Uvimbe wa kawaida huanza mahali pamoja, na maambukizi ya mfupa hayashiki pembe nne kwa mpigo. Wiki chache baadaye Burkitt alikwenda kikazi Jinja, akatazama nje kupitia dirisha la hospitali, akaona mtoto mwingine mwenye uso wa aina ileile. Alipompima akakuta na tumboni kuna uvimbe. Mmoja ungekuwa ajabu ya mara moja. Wawili walimfanya arudi Mulago akafukue mafaili ya zamani. Aliona kwamba watoto waliokuwa wameandikiwa saratani tofauti tofauti, huyu ya taya, yule ya figo, mwingine ya ovari, mara nyingi walikuwa na ugonjwa mmoja. Aliandika makala yake ya kwanza mwaka 1958, na wataalamu wa patholojia wa Mulago wakathibitisha baadaye kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za kinga.

Sasa alitaka kujua ugonjwa huu uko wapi na hauko wapi. Ruzuku aliyoanza nayo ilikuwa pauni 25. Kwa hela hiyo alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani kote, akiuliza swali moja: umewahi kuona hiki? Kila jibu lilipofika alichomeka pini kwenye ramani ya ukutani. Pini zikajipanga mkanda mpana kukatiza katikati ya Afrika.

Karatasi hazikumtosha. Mwezi Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakaelekea kusini. Walizunguka kwa wiki 10, zaidi ya kilomita 16,000, wakapita katika hospitali karibu 60, Tanganyika ikiwemo. Waligundua kwamba mkanda ule una makali: ukipanda nyanda za juu ugonjwa unapotea. Karibu na ikweta ulikuwa nadra juu ya mita 1,500, na kadiri unavyokwenda kusini mpaka huo unashuka. Kumbe mpaka wenyewe ulikuwa wa joto na mvua. Palipo na baridi au ukame, hapana ugonjwa. Mtu wa Kigoma anaweza kuisoma ramani hiyo bila kufundishwa. Ziwa letu liko mita kama 770 tu juu ya usawa wa bahari, mvua ipo, joto lipo, mbu wapo wa kumwaga. Rusimbi, Gungu, Kibirizi, pote tumo ndani ya mkanda. Leo inakubalika kwamba mambo mawili hukutana kwa mtoto: malaria inayompata tena na tena, na kirusi. Kirusi chenyewe kilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo.

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye alijiambia kwamba ugonjwa unaofuata joto na mvua lazima uwe na kisababishi kinachoambukiza. Wakakubaliana. Burkitt awe anakata vipande vya uvimbe, vipakiwe kwenye ndege ya usiku kutoka Entebbe, Epstein avipokee asubuhi London. Kwa zaidi ya miaka miwili hakikupatikana kitu. Mwezi Desemba 1963 London ilifunikwa na ukungu, ndege ikapelekwa Manchester, na kifurushi kikafika jioni, kimechelewa. Maji ya ndani ya chupa yalikuwa yamechafuka kama yameingia bakteria. Mtu mwingine angemwaga. Epstein akaweka tone kwenye hadubini. Hakuna bakteria. Zilikuwa seli hai za uvimbe, zimetikiswa na safari mpaka zikaachana na kipande, zinaelea zenyewe. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza zikiwa zinaelea vilevile, na mwezi Februari 1964, pamoja na Bert Achong, akaona ndani yake kirusi kipya kwa hadubini ya elektroni. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr. Wewe unayesoma hapa karibu hakika unacho, kwani zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho bila kuumwa.

Mpaka hapo ni historia ya tiba. Ila jambo lililotokea kwenye ile chupa lilikuwa kubwa kuliko kirusi. Kabla ya hapo seli za aina hiyo za damu ya binadamu zilikuwa hazijakubali kuishi nje ya mwili kwa muda mrefu. Seli za uvimbe wa Burkitt zilikubali, na hazikuchoka kugawanyika. Maabara zikaanza kuanzisha koo za seli kutoka kwa watoto wagonjwa wa Kiafrika. Nyingine zipo mpaka leo kwenye friza za dunia nzima: Raji ya Nigeria, Daudi, Namalwa. Majina hayo si ya Kizungu. Ni majina kama yaliyomo kwenye madaftari ya mahudhurio ya shule zetu.

Hebu niieleze Namalwa, kwa sababu ndiyo inayotufikisha kwenye protini. Mwaka 1957, mwaka uleule Burkitt alipomwona mtoto wa Mulago, watafiti wawili London waligundua interferoni, protini ambayo mwili huitoa kuzuia virusi. Kila mtu akaitaka aichunguze. Shida ni kwamba ilipatikana kwa chembe. Huko Helsinki walikuwa wanaikamua kutoka seli nyeupe za damu iliyochangwa na watu, damu nyingi kwa protini kidogo sana. Kisha kampuni ya Wellcome, Uingereza, ikazikuza seli za Namalwa, zilizotoka kwa mtoto mwenye limfoma ya Burkitt mwaka 1967, ndani ya matangi ya maelfu ya lita. Walizichokoza kwa kirusi, seli zikajihami kwa kutoa interferoni, nao wakaichuja. Protini ya binadamu ikawa inatengenezwa bila kumtoa binadamu damu.

Hatua iliyofuata ni ile tunayoifundisha kidato cha nne. Unachukua jeni ya binadamu inayobeba maelekezo ya protini unayoitaka, unaiunganisha kwenye plazimidi, yaani pete ndogo ya DNA, unaiingiza ndani ya bakteria. Bakteria hajui jeni ni ya nani. Anasoma tu na kutengeneza. Insulini ya binadamu ilipatikana hivyo mwaka 1978, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kama dawa Marekani. Interferoni ikafuata njia hiyohiyo. Lakini bakteria ana upungufu wake. Protini nyingi za binadamu, baada ya kuunganishwa, hukunjwa kwa namna yake na kuvishwa minyororo ya sukari, kazi ambayo bakteria haiwezi vizuri. Kwa protini za namna hiyo unahitaji seli ya mnyama, na bora zaidi ya binadamu.

Seli inayotumika sana ni HEK293, iliyotokana na figo ya kijusi, Uholanzi, mwaka 1973. Ukiipa plazimidi kwa muda itakutengenezea protini, lakini seli ikigawanyika mara kadhaa pete inapotea, kwa sababu haina wa kuinakili wala wa kuishikilia. Hapa kirusi cha Epstein-Barr kinarudi. Chenyewe huishi ndani ya seli zetu maisha yote kwa kutumia protini moja iitwayo EBNA1, ambayo hushika pete ya DNA ya kirusi upande mmoja na kromosomu ya mtu upande wa pili, ili seli ikigawanyika pete nayo inakiliwe na kugawiwa. Watafiti waliikopa mbinu hiyo. Waliipa HEK293 jeni ya EBNA1, wakaweka kwenye plazimidi alama ambayo EBNA1 huishika, na pete ikaacha kupotea. Baadhi ya protini za binadamu ambazo maabara za utafiti zinatumia zimepita kwenye seli za aina hiyo. Kwa hiyo ufundi huo, ukiufuatilia kinyumenyume, unafika London kwenye chupa yenye maji machafu, na kabla ya hapo Uganda, kwenye taya la mtoto.

Protini ikishatoka kwenye seli inasafishwa. Kwa kawaida jeni huwa imeongezewa mkia wa histidini sita, na mkia huo hunasa kwenye nikeli. Unapitisha mchuzi wote kwenye bomba lenye nikeli, yako inabaki, nyingine zinapita. Inakaushwa kwa baridi, inafungwa kwenye vichupa vya mikrogramu 10 au 50. Mikrogramu 10 ni sehemu moja ya laki moja ya gramu. Ukiangalia kichupa unaweza kuapa kwamba umetapeliwa, hauoni kitu, na boom la mhula linaweza kuisha kwa vichupa vichache.

Ndiyo maana utunzaji wake una masharti kama ya mwali. Kabla ya kufungua unakizungusha kwenye mashine ili unga ushuke chini, la sivyo unabaki kwenye kifuniko. Unayeyusha taratibu, hutikisi, maana povu linaikunjua protini, na protini iliyokunjuka ni kama ute wa yai uliokaangwa, haurudi kuwa mbichi. Unaongeza albumini, protini ya bei nafuu, ili ishike kuta za kichupa badala ya ile ya thamani. Unagawa mafungu madogo, unagandisha nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila siku unatoa fungu moja tu, kwa kuwa kuyeyusha na kugandisha tena na tena kunaiua. Wauza samaki wa Kibirizi wanaijua kanuni hii bila maabara: mgebuka uliotoka kwenye barafu ukarudi, ukatoka tena, hata mteja wa jioni hadanganyiki. Umeme ukikatika usiku mmoja bila jenereta, utafiti wa mwaka unaweza kuharibika friza likiwa limefungwa vizuri tu.

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo Rusimbi nilifundisha mada hii kwa chaki, kama mnavyojua. Nilipofika kwenye jeni ya binadamu kuwekwa kwenye bakteria, mwanafunzi mmoja wa kike akasimama, akaniita mwalimu, akauliza jeni hiyo ilitoka kwa binadamu yupi, na kama aliulizwa. Darasa likacheka. Nikamwambia akae, kisha nikafundisha kipindi kizima kwa swali lake. Jibu ni kwamba kwa jeni ya insulini haijalishi sana ni ya nani, maana karibu wote tunafanana, na siku hizi mashine inaweza kuiandika herufi kwa herufi bila mtu. Ila kwa seli inajalisha sana. Kila ukoo wa seli ulianza kwa mtu mmoja, siku moja, kitandani. Sasa hivi ukitaka kupeleka sampuli za Watanzania nje lazima upate kibali cha maadili kupitia NIMR na mkataba wa kuhamisha sampuli. Miaka ya sitini ndege ilikuwa inaruka tu. Mimi sisemi Burkitt aliiba. Alikuwa anatafuta kinachoua wagonjwa wake, na alikuwa anawatibu. Lakini mtoto akawa jina kwenye katalogi, na maabara ya nchi anakotoka mtoto inanunua kutoka kwenye katalogi hiyo kwa fedha za kigeni. Hilo ni deni, na mwalimu anayefundisha mada hii bila kulitaja anafundisha nusu.

Kwamba aliwatibu si porojo. Mulago ya wakati ule haikuwa na mionzi ya saratani, na uvimbe wa taya haukatiki kwa kisu ukaisha. Akajaribu dawa, methotrexate kwanza na nyinginezo baadaye, mara nyingi alizopewa bure na kampuni, kwa dozi ndogo kuliko za Ulaya. Nyuso za watoto zilinywea ndani ya siku chache, na baadhi wakapona moja kwa moja. Ilikuwa kati ya mara za kwanza saratani kuondoka kwa dawa peke yake. Kutokana na kazi hiyo Kampala ilianzisha mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma ambacho kilikuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alianza habari mpya, ya nyuzinyuzi katika chakula. Alilinganisha tena ramani: Waafrika wa vijijini, wanaokula nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga, hawakuwa na magonjwa ya utumbo yaliyowajaza Waingereza hospitalini. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kilisomwa sana, na watu wengi Ulaya wanamkumbuka kwa hicho kuliko kwa watoto wa Uganda. Si kila alichodai kuhusu nyuzinyuzi kimesimama kama alivyokisema. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tutapangiwa shule za kata, na baadhi zitakuwa ndani ya mkanda ule wa ramani. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na limfoma hii haijaisha. Ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Huanza kama jino. Meno yanalegea, shavu linajaa, mtoto anapelekwa kung'olewa jino, halafu kwa mganga, halafu anakaa nyumbani, na wiki mbili kwa ugonjwa huu ni muda mrefu mno. Dawa zipo, na anayewahi ana nafasi nzuri ya kupona. Mwalimu ndiye mtu mzima anayemwona mtoto uso kwa uso siku tano kwa wiki. Ukiona shavu limebadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa, mwite mzazi siku hiyohiyo, na mtoto aende hospitali kubwa, hapa kwetu ni Maweni, mwambie mzazi ataje taya na ataje siku.